Maziwa ya Chelel Yakataa Kuwa Mursik

Kipkurui wa Kabianga alijiona hodari wa mambo matatu: kuchuma majani chai, kuimba besi kanisani, na kutunza ng'ombe. Hayo mawili ya kwanza hakuna aliyebisha. Kuhusu hilo la tatu, mkewe Rodah alikuwa na maswali.

Ng'ombe wao alikuwa mmoja, mweupe, jina lake Chelel. Jumanne asubuhi alizaa ndama jike. Rodah alishukuru Mungu. Jumamosi ya wiki iliyofuata wageni wangekuja kumposa binti yao Janeffer, sherehe inayoitwa koito. Na koito bila mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, ni aibu ambayo majirani huisimulia miaka kumi.

Lakini hadi Jumatano kondo la nyuma la Chelel lilikuwa bado linaning'inia.

"Tuite daktari," Rodah alisema.

"Daktari wa nini? Hii nitavuta tu."

Kipkurui akakunja mikono ya shati, akavuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Kondo likakatika. Nusu likabaki mkononi mwake, nusu likabaki ndani. Akaenda kunawa akipiga mluzi.

Kufikia Jumamosi Chelel alikuwa amekataa majani. Maziwa yalikuwa yamepungua. Uchafu mwekundu wa majimaji ulimtoka nyuma, na harufu yake ilimfukuza hata paka. Rodah hakuuliza mtu. Alimpigia simu Syprose, daktari wa mifugo.

Syprose alimpima Chelel joto, kisha akavaa glavu ndefu na kumchunguza.

"Nani alivuta?" aliuliza.

Rodah alimtazama mumewe. Kipkurui alitazama mawingu.

"Mzee, kondo la nyuma halivutwi," Syprose alisema. "Likikaa zaidi ya siku moja, ita daktari. Ukivuta, linakatika na kuoza ndani. Mikono yako pia inaingiza bakteria, hao wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Sasa wako ndani ya mfuko wa uzazi. Ungengoja zaidi, hii ng'ombe ingekufa, ama ikose kushika mimba tena."

Kipkurui alishtuka kwelikweli. Alimpenda Chelel, ingawa hakuwahi kusema hivyo mbele ya watu.

Syprose alidunga sindano. "Nitarudi kesho na kesho kutwa. Dawa lazima imalizike, hata mkiona amepona. Na maziwa mtamwaga. Kila dawa ina siku zake, imeandikwa kwa chupa. Hii yetu ni siku nne baada ya sindano ya mwisho. Asinywe mtu, asinywe mbwa. Ndama mtamnunulia maziwa ya unga."

Rodah alihesabu kwa vidole. Maziwa safi yangepatikana mkesha wa koito, na mursik haiivi kwa usiku mmoja.

"Basi tuombe mursik kwa Kiptanui," alisema. Kiptanui alikuwa jirani yao.

"Mimi niombe Kiptanui, siku ya binti yangu? Hapana. Hiyo mambo ya mursik niachie mimi. Nimeshapanga."

Alichopanga ni hiki. Jumapili, Rodah alipokwenda kanisani, Kipkurui alisingizia kuumwa mgongo. Alichukua kibuyu, akakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, kama alivyomwona mkewe akifanya. Akajaza maziwa ya Chelel, akaficha kibuyu stoo nyuma ya magunia.

Alhamisi alikifungua. Maziwa yalikuwa majimaji kama yaliyokamuliwa saa ile. Akatikisa. Akaonja. Hayakuwa na hata dalili ya uchachu. Kipkurui akakumbuka kwamba Kiptanui alipita Jumatatu, akachungulia stoo na kusema, "Kibuyu kizuri." Damu ikamchemka. Akabeba kibuyu mpaka kwenye ua wa mpakani.

"Kiptanui! Wewe umeroga mursik yangu!"

Kiptanui alikuwa akilima viazi. Aliweka jembe chini polepole. "Ndugu yangu, ningejua kuroga, ningeanza na hawa fuko wanamaliza viazi yangu."

Syprose, aliyekuja kumwangalia Chelel, alisikia kelele. Rodah akamfuata mbio.

"Hayo maziwa ni ya lini?" Syprose aliuliza.

"Ya Jumapili," Kipkurui alijibu, sauti ikiwa imeshuka.

"Mzee, hakuna aliyeroga. Mursik inaganda kwa sababu kuna bakteria wazuri ndani ya kibuyu. Dawa ya Chelel haijui mzuri na mbaya. Inaua wote. Wageni wangekunywa dawa. Kuna watu dawa hiyo inawakataa, wanafura mpaka kupumua ni shida. Na bakteria wakizoea dawa kidogo kidogo, siku ukiugua kweli haitakusaidia."

Rodah alichukua kibuyu akaenda kumwaga shimoni. Kipkurui alibaki uani na aibu yake, siku mbili kabla ya koito.

"Kiptanui," alisema mwishowe. "Uko na mursik?"

"Unataka ile ya kuroga ama ile ya kawaida?"

Jumamosi wageni walifika kutoka Londiani. Chelel alikuwa anakula vizuri, na uchafu ulikuwa umekoma. Mzee Jonah, baba wa kijana aliyekuja kuposa, alikunywa mursik akafumba macho. "Hii ni tamu. Ni ya ile ng'ombe nyeupe?"

Kipkurui angeweza kusema ndiyo. Aliona binti yake akimtazama, akashindwa.

"Ni ya jirani," alisema. "Yangu ilikuwa na dawa. Nilivuta kondo la nyuma, ng'ombe ikaoza ndani." Akaeleza yote.

Kipkurui aliona posa ikimponyoka. Jonah alisimama.

"Mkwe, nionyeshe hiyo ng'ombe."

Walipofika zizini, Jonah aligeuka kuona kama kuna mtu aliyewafuata. "Hata mimi nilivuta," alinong'ona. "Wiki jana. Nikanunua dawa dukani, nikadunga mwenyewe."

"Na maziwa uliweka wapi?"

Jonah alitazama viatu vyake. "Iko kwa gari. Tumewaletea vibuyu viwili."

Kipkurui alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Kisha wakavimwaga vyote viwili, na Jonah akapewa namba ya Syprose.

Harusi ilifanyika Desemba. Kufikia hapo ng'ombe wote wawili walikuwa wameshika mimba, na mursik ya siku hiyo iliiva katika nyumba zote mbili.