Salamu kwa Suzana

Nilikuwa nakusanya dagaa juu ya mwamba, jua linazama, Getruda alipopiga kelele kutoka uani kwake.

"Mama Selina! Kadi yako imesomwa!"

Sikusimama. Dagaa wakilala nje wanashika unyevu, na kesho hakuna anayewataka. Pembeni yao nilikuwa nimeanika betri nne za redio yetu, zipate jua, zitusukume siku mbili zaidi.

"Imesomwa lini?"

"Sasa hivi! Na wimbo wako wameupiga mpaka mwisho. Mwanamke una wivu wewe! Mpaka mke mwenzio unamtumia salamu redioni?" Alikuja akicheka, redio yake ndogo kwapani.

Nilikuwa na wivu, ndiyo. Sioni sababu ya kuficha.

Wimbo wenyewe ni wa Wazungu, wa magitaa, wa zamani kuliko ndoa yangu. Maneno yake hatuyajui, lakini mji mzima unauimba. Tangu redio za watu binafsi zianze, haipiti wiki bila mtu kuuomba. Wauza mitumba wanaupiga mluzi. Vijana waliozaliwa baada yake wanaurekodi kwenye kanda. Nyimbo nyingine zinachuja. Huu hauchuji.

Na kila ukipigwa, mume wangu Revocatus anaacha anachofanya. Macho yanaenda dirishani, upande wa ziwa. Miaka kumi na tano namfulia, nimemzalia watoto watatu, hajawahi kuniangalia vile. Siku moja nilimuuliza wimbo huo unamkumbusha nani.

"Suzana," alisema. "Aliondoka."

Nikajua ameondoka na mwanaume mwingine. Basi nikanunua kadi ya salamu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mama Selina wa Ilemela, nyumba ya bati jekundu chini ya mwamba, anamsalimu Suzana popote alipo. Ajue kwamba Revocatus ana mke. Nikachagua wimbo wao. Nilitaka umchome.

"Lakini Suzana yupi?" Getruda aliuliza, akiinama kunisaidia. "Maana yule wa Revocatus, wa Butimba..."

Mikono yake ikasimama juu ya dagaa.

"Enhe?"

"Kwani hukuambiwa?" Sauti yake ilishuka. "Alizama, Mama Selina. Mwaka sabini na nne. Tulikuja vijana kumi na wawili kwenye miamba hii, Jumapili, na santuri yetu. Tukacheza wimbo ule ule. Tuliurudia mara tatu... ndipo mtu akauliza, Suzana yuko wapi? Hakuna aliyekuwa amehesabu."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Nitasema ukweli. Sikumwonea huruma. Niliwaza tu kwamba huyo atabaki na miaka kumi na tisa, na mimi mwakani natimiza arobaini.

Ndipo nikasikia gitaa.

"Zima redio yako," nilimwambia Getruda.

"Nimezima zamani. Kwani unasikia nini?"

Lilikuwa linatoka nyumbani kwangu. Lile gitaa la mwanzo, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha...

Nikatazama mwamba. Betri zetu nne zilikuwa pale pale, karibu na dagaa.

Nilizizoa kwenye kanga, sijui kwa nini, nikakimbia.

Sebuleni kulikuwa na giza. Ilikuwa zamu yetu ya mgao wa umeme. Harufu ilinipiga usoni. Matope ya ziwa. Magugu maji yaliyooza. Redio ilikuwa juu ya kabati, mfuniko wake wa nyuma wazi, tumbo tupu.

Inaimba.

Revocatus alikuwa amesimama kwenye mlango unaotazama ziwa, miguu mitupu. Anatabasamu. Tabasamu lile sikulijua. Lilikuwa la kijana.

Juu ya saruji kulikuwa na nyayo za maji. Ndogo. Ziliingia mlangoni, zikazunguka kiti chake, zikaja hadi nilipokuwa nimesimama... zikapita nyuma yangu.

"Shikamoo, dada."

Sauti ya msichana. Sikioni kabisa. Baridi.

Shikamoo! Aliniamkia kwa vile mimi nimezeeka na yeye bado. Wivu ulinipanda ukaifunika hofu, na nadhani ndio ulioniokoa.

"Marahaba," nilisema. Sikugeuka.

"Nimekuja kurudisha salamu." Tone la maji lilidondoka begani kwangu. "Nimeitwa."

"Zimefika. Nenda."

"Mara ile nilienda peke yangu," alinong'ona. "Leo siendi peke yangu."

Revocatus akainua mguu kuvuka kizingiti.

Sijui dawa wala sina mganga. Nilifanya nilichokijua. Niliita majina, kama mwalimu wa darasa asubuhi.

"Selina!"

"Bee, mama!" kutoka jikoni.

"Maige!"

"Naam!"

"Queen!"

"Nipo!"

"Revocatus!"

Gitaa likapanda.

"Baba Selina! Hapa watu wanahesabiwa!"

Mguu wake ulibaki hewani. Muda mrefu...

"Nipo," alisema.

Wimbo ukakatika katikati. Nyuma yangu mtu alivuta pumzi kama anayetaka kulia, kisha maji yakamwagika sakafuni, ndoo nzima. Nilipogeuka palikuwa na dimbwi tu.

Nikachukua tambara, nikapiga deki.

Getruda anaapa mpaka leo kwamba hakusikia wimbo wowote.

Nikapakua ugali na dagaa, nikihesabu kwa sauti. Selina. Maige. Queen. Revocatus. Mimi. Watano. Wote wapo.

Revocatus alikula ameinama. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na mlango hakuuvuka, nilimwona kwa macho yangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya meza. Kidole kinagonga. Polepole, mapigo ninayoyajua.

Nikaweka kiganja changu juu ya mkono ule, nikaukandamiza.

Chini ya kiganja, kidole kikaendelea.

"Kuleni," niliwaambia watoto. Nikahesabu tena.