Kizibao Kisishonwe Kwanza

Mama Cherehani hakuweza kuona kitu kimechanika akakiacha. Mtaa mzima ulimjua hivyo. Pazia likitatuka, yeye. Sare ya mtoto ikitoboka magoti, yeye. Mashine yake ilikaa dirishani, na tangu asubuhi ilikuwa inalia tatata, tatata.

Nyuma yake, kitandani, alilala mumewe, muuza mikate. Mguu wake wa kulia ulifungwa plasta mpaka pajani. Siku nne zilizopita, asubuhi ya ukungu, lori lenye tela la saruji lilimgonga akiwa juu ya baiskeli yake.

"Mama watoto, ile karatasi iko wapi?"

"Ipo chini ya mkasi. Haijaota miguu."

Karatasi ililetwa jana na mtu wa kampuni ya lori. Alikuja na pole nyingi na mfuko wa matunda. Alisema breki zilikataa, ni mipango ya Mungu, nani abishane na Mungu? Kisha akasoma haraka haraka: muuza mikate alikuwa katikati ya barabara, tena bila kizibao cha reflekta. Watie sahihi tu, kampuni itawasaidia kidogo, yaishe.

"Kizibao nilivaa," mume alisema. "Na nilikuwa pembeni kabisa. Nikitia sahihi, nimekiri uongo. Nisipotia, nani atalipia mguu huu? Daktari kasema lazima upasuliwe, la sivyo sitaendesha baiskeli tena."

Mikono ya mkewe ilitafuta kazi. Alikitoa kizibao kwenye mfuko wa hospitali. Kilichanika ubavuni, na mgongoni kilikuwa na doa jeusi pana. "Angalau hiki nikishone, kisha nikifue," alisema, akatunga uzi.

"Hodi humu."

Alikuwa jirani yao, karani katika ofisi ya wakili. Alifuata sketi yake iliyopanuliwa kiuno. "Sijui sketi ndiyo ilipungua?" aliuliza.

"Sketi ni ile ile, jirani," alijibu Mama Cherehani.

Jirani alicheka, kisha akaona sindano. Kicheko kikakatika. "Weka chini hiyo. Ni kizibao cha siku ile?"

"Ndicho."

"Basi usikiguse. Doa hilo ni la tairi. Wao wanasema hakuvaa kizibao, na hiki hapa kinasema alivaa. Ukikifua, umemziba shahidi mdomo. Na hiyo karatasi msitie sahihi mpaka wakili aisome."

Kesho yake wakili alikuja, mwanamke mrefu mwenye viatu vya vumbi. Alisoma karatasi mara mbili, akapiga picha kizibao na baiskeli iliyopinda. Kisha akaomba kupelekwa barabarani.

"Namba ya lori mnayo?" aliuliza njiani.

"Muuza maji aliyeona ajali aliiandika. Hii hapa."

"Ni ya mbele au ya nyuma?"

Mama Cherehani alishangaa. "Lori si moja?"

"Kichwa kina namba yake, tela lina yake. Pengine kila kimoja kina mwenyewe. Ukimuuliza mmoja, atakwambia kamuulize mwenzangu."

"Kama ng'ombe wa ubia," alisema Mama Cherehani. "Maziwa yana wenyewe wawili, mavi hayana mwenyewe."

Wakili alicheka mpaka akasimama. Namba ya pili waliipata polisi, kwenye taarifa ya ajali.

Walipofika, wakili alipima barabara, na Mama Cherehani akashika upande mmoja wa futi. Kupima ni kazi yake. Vipande vya kioo cha baiskeli vilikuwa bado pembeni, mbali na katikati. Alama za tairi kuburuzika hazikuwepo.

"Lori halikufunga breki," wakili alieleza. "Ama dereva alisinzia, ama breki hazikushika. Yote mawili yameandikwa mahali. Kuna daftari la matengenezo. Kuna rekodi ya saa alizoendesha. Kuna karatasi ya mizani, inaonyesha uzito wa mzigo. Leo hii naiandikia kampuni barua. Wasilitengeneze lori hilo, wala wasitupe hata karatasi moja."

"Kwa hiyo na wao wana nguo ya kufua."

"Ndiyo, mama. Barua yangu inawaambia wasifue."

Kisha wakaenda mbio kituo cha mafuta kilicho jirani. Kamera yake hufuta picha kila baada ya wiki. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Kwenye picha, katika ukungu, mistari ya kizibao iling'aa. Ilikuwa pembeni.

Daftari lilichukua muda. Kampuni ilizungushazungusha, hatimaye ikalitoa. Dereva alikuwa ameandika mara tatu kwamba breki ni dhaifu. Mkubwa wake akaandika neno moja: subiri. Tena dereva huyo alikuwa njiani tangu asubuhi ya siku iliyotangulia ajali, bila kulala.

"Masikini, naye ni mtoto wa mtu," alisema muuza mikate.

Mtu wa kampuni alikuja ofisini kwa wakili, safari hii bila matunda. Alianza tena na mipango ya Mungu. Mama Cherehani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mungu namwamini, baba," alisema kwa utaratibu. "Lakini sijasikia popote kwamba alikataza mtu kukaza nati."

Kampuni ilikubali kosa kwa maandishi. Mguu ulipasuliwa, na gharama zote zikawa juu yao, pamoja na miezi ambayo mikate haikuuzwa. Siku muuza mikate alipopanda baiskeli tena, kizibao kilikuwa kimesharudi kutoka kwa wakili. Mkewe alikifua, akakishona ubavu kwa mshono wa mara mbili. Doa halikutoka lote.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja akilia. Lori lilimkwaruza kaka yake na pikipiki yake. Mama Cherehani aliondoa mguu kwenye mashine, akamvutia kiti.

"Pole, mwenzangu. Kaa. Nguo alizovaa, hujazifua?"