Bwawa Lililong'aa Ghafla

Maiti ilikuwa ya mbwa, na askari wawili walikuwa wakijizuia kucheka huku Inspekta Kobe akipiga magoti kuikagua. Jina hilo la Kobe walimpa wenyewe, kwa jinsi asivyojua haraka. Hakulichukia.

Hamu ya kucheka iliwaisha alipowakumbusha kwamba mwenye nyumba, bibi mjane, amelazwa hospitali ini likigoma kufanya kazi, na mkwe wake yuko mahabusu akishukiwa kumtilia sumu kwenye chai. Aliyepiga simu polisi ni wifi wa mkwe huyo, binti wa bibi, aliyekuja kumtembelea mama yake. Alidai kwamba mke wa kaka yake alichoka kusemwa, na kwamba sumu aliijaribu kwanza kwa mbwa.

"Nyumba nzima mnakunywa chai moja?" Kobe alimuuliza.

"Hapana. Sisi ya maji ya bomba. Mama anasema bomba linanuka dawa, lazima yake yachotwe bwawani."

"Nani anachota?"

"Huyohuyo. Anachota, anachemsha, anampikia. Nani mwingine angemtilia?"

Ulikuwa ushahidi mwepesi mno, na hilo ndilo lililomtia Kobe wasiwasi. Akamrudia mbwa. Manyoya ya tumboni yalikuwa yameshikana kwa ukoko wa kijani, kama rangi ya mlango iliyokauka. Mnyama aliogelea, kisha akajilamba. Kobe aliukwangua ukoko akautia kwenye mfuko wa vielelezo, akachukua na maji yaliyobaki kwenye birika.

Bwawa lenyewe, nyuma ya nyumba, lilikuwa safi hadi mawe ya chini yakaonekana. Ukijani ulikuwa umekwenda wapi?

Alikwenda mahabusu kumuuliza mshukiwa. Mwanamke yule, macho yamevimba kwa kulia, alisema maji yaligeuka kijani mwezi huo, hata mama mkwe akayaacha. Yalipong'aa, bibi akafurahi na kumwambia ayachote tena. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za bwawa hadi siku hiyo.

Majibu ya maabara yalikuja kwa simu. Mkemia alieleza kwamba sumu ile haikutoka dukani. Ilitengenezwa na sianobakteria, vijidudu vya kijani vinavyozaliana kwenye maji yaliyotuama wakati wa joto, na kuchemsha hakuiondoi.

"Lakini bwawa ni safi," Kobe alisema.

"Ndiyo balaa yenyewe. Ukiviua kwa mpigo, vinapasuka na kumwaga sumu yote majini. Maji yanapendeza, na ndipo yanapoua. Haya ya birika yana mrututu, ile dawa ya buluu ya mashambani."

Kobe alishusha pumzi, akaweka askari bwawani asichote mtu. Mwanamke wa watu hakuwa na hatia.

Bwawa lilikuwa la halmashauri, na mlinzi wake alikuwa mtoto wa bibi, mume wa mshukiwa. Alikaa chumba cha mahojiano, mikono chini ya meza.

"Nani alilisafisha bwawa?"

"Lilijisafisha lenyewe, afande."

"Na mrututu lilijinunulia lenyewe?"

Mlinzi aliisukuma mikono ndani zaidi chini ya meza.

"Weka mikono mezani."

Aliiweka. Kucha zilikuwa na buluu iliyoishinda sabuni.

"Wakubwa wako walikutuma?"

"Hapana. Walisema tusubiri wataalamu, watu wasichote."

"Kwa nini hukusubiri?"

Hapo akabubujika. Mama yake alizoea kujigamba kwa majirani kuwa bwawa lina mwenyewe, naye ni mwanawe. Lilipogeuka kijani wakamcheka, akaja kumwambia mbele ya mkewe kwamba kazi imemshinda. Basi akamwaga mrututu. Maji yakang'aa, na mama yake akamsifu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

"Mbwa alipokufa ulielewa?"

"Nilielewa. Lakini mama alikuwa ameshakunywa."

"Na mkeo alipofungwa pingu?"

"Niliogopa, afande. Kila siku nilisema kesho."

Kobe alimfungulia mwanamke yule mahabusu kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye korido alipishana na mumewe, sasa mwenye pingu ni yeye.

"La bwawa nimekusamehe," alimwambia. "La kunyamaza, nipe muda."

Mwanamke alipelekwa hospitali kwa gari la polisi, safari hii akiwa amekaa mbele. Daktari alisema ini limeanza kurudi kazini, na Kobe akajisikia mwepesi kama aliyetua gunia. Wifi aliinuka kitini, akampisha bila kumtazama usoni.

Bibi alikuwa amekwisha kuambiwa yote. Alimkazia mkwe wake macho.

"Mwanangu, wakiniruhusu kutoka hapa nitataka chai."

"Ya bomba, mama."

Bibi akakunja uso, kisha akaushika mkono wake.

"Ya bomba. Ila uipike wewe, asiiguse mtu mwingine."