Pazia la Maporomoko ya Kalambo

Kila jioni, akitoka shule, Kulsumu alifagia studio ya baba yake mtaani Mazwi, akapanguza viti, kisha akanyoosha pazia kubwa lililochorwa maporomoko ya Kalambo. Baba yake, Mzee Mahmud, alijivunia pazia hilo. Maharusi aliwasimamisha mmoja kulia na mwingine kushoto, ili maji yaonekane yakimwagika kati yao.

Mzee Mahmud alikuwa mtu wa Hoshi. Tangu enzi za filamu hakugusa kamera ya jina lingine, na za dijitali zilipoingia madukani alinunua Hoshi tena bila kuuliza. Shija, mpiga picha msaidizi wake, alikuwa na kamera ya Lumo aliyoinunua mpakani Kasesya, na mdomo wake haukutulia.

"Mzee, Hoshi yako inatafuta sura ya mtu kama ndama anayemtafuta mama yake gizani!"

"Na hiyo Lumo yako ukapigie picha mbuzi," Mzee alimjibu.

Basi, haukupita muda tangu Hoshi hiyo ya dijitali ije, picha za maharusi zikaanza kuharibika. Sura zilitoka na ukungu, huku maporomoko nyuma yao yakionekana hadi tone la mwisho. Wateja walirudisha picha kwa hasira, na wengine wakahamia studio ya jirani. Kulsumu akaanza kumtazama Shija kwa jicho la pembeni. Nani mwingine angefurahi Hoshi ikiaibika? Shija akifuta lenzi, Kulsumu aliona hila. Akicheka, alisikia dharau.

Siku baba yake alipouliza nani anaichezea kamera, Kulsumu alijibu upesi, "Ni kaka Shija, Baba. Nimemwona akiiharibu."

Kusema kweli, alikuwa amemwona ameishika tu. Chumvi aliitia mwenyewe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mzee Mahmud alisema kwa uchungu. "Shija, kesho niletee ufunguo wangu. Kazi imekwisha."

"Mimi sijaharibu kitu, mzee," Shija alisema, akaondoka ameinamisha kichwa.

Kesho yake Kulsumu alikosa raha. Alizitandaza mezani picha zilizorudishwa, akazilinganisha na nyingine. Bibi aliyepigwa peke yake alionekana vizuri, hata mikunjo ya uso. Wanafunzi waliobanana pia. Walioharibika ni wale tu waliosimama wawili, maji yakiwa katikati. Moyo ukampiga paa!

Shija alipoleta ufunguo, Kulsumu alimwamkia, "Shikamoo, kaka Shija. Tafadhali, simama na Baba hapo penye pazia. Acheni nafasi katikati."

Walisimama wamenuniana. Kulsumu alipiga kwa Hoshi: sura zikatoka na ukungu. Akaomba Lumo, akapiga tena: ukungu uleule.

"Hata Lumo?" Shija alishangaa.

"Kamera hizi za dijitali zinalenga zenyewe, si kama ile ya filamu uliyoilenga kwa mkono, Baba," Kulsumu alisema. "Zinafuata kile kimraba kinachoonekana katikati ya kioo cha kamera, na katikati pana pazia."

Akaelekeza kimraba usoni mwa baba yake, akabonyeza kitufe nusu, akakishikilia hivyo huku akirudisha kamera katikati, kisha akamalizia kubonyeza. Sura zote mbili zikatoka safi. Kulsumu hakufurahi. Machozi yalimlengalenga.

"Baba, sikumwona kaka Shija akiharibu kitu. Nilimwona ameishika kamera tu. Nisamehe, kaka Shija."

"Umeniumiza, mdogo wangu," Shija alisema. "Lakini yamekwisha."

Mzee Mahmud aliurudisha ufunguo kiganjani mwa Shija.

"Nisamehe na mimi," alisema. "Nilipenda jina la kamera hata nikamdhania mtu mwema ubaya." Akamgeukia binti yake. "Kulsumu, kamera ililenga pazia ikawaacha watu. Sisi nasi tulilenga shaka zetu tukamwacha Shija. Ulichokiona, kiseme kama kilivyo. Usichokiona, uliza kwanza, maana neno moja la uongo lingemnyima mtu riziki yake."