Msamaha wa Mbele ya Watu

Sylvère alilikanyaga fungu la ndagala, dagaa wa ziwani, aliokuwa akiuza Joëlla katika soko la Kanyosha, Jumamosi ya msongamano, akiwa na viatu vilivyong'aa kuliko akili yake.

"Papa, we unatembea na macho ya nani?"

"Pardon, chérie. Niliangalia wewe, sikuangalia chini."

"Chérie? Mpenzi wako tangu lini?"

"Tangu saa hii."

Joëlla, kitenge cha njano kiunoni, alicheka mpaka hasira zikamwisha. Penzi likaanzia hapo. Kila jioni Sylvère akitoka kwenye bohari analosimamia katika eneo la viwanda, Zone Industrielle, alimpigia simu, na Jumapili kanisani alikaa viti vya mbele amsikilize akiimba kwaya. Wazee walikwisha kupanga siku ya mahari.

Kisha Sylvère akamwona Joëlla akishuka kwenye gari la jirani wa msichana huyo, Djibril, fundi wa magari, amemwegemea kifuani. Hakuuliza. Mwanaume mzima, simu mfukoni, hakuuliza.

Kanisa lao lina desturi: kabla ya Meza ya Bwana, mwenye kinyongo husimama akakitua. Sylvère akasimama na tai yake, machozi yakiwa tayari, akapewa mikro, kipaza sauti cha kanisa.

"Wapendwa, dada Joëlla alinikosea na mwanaume. Kwa neema ya Bwana, nimemusamehe."

"Amina," kanisa likaitikia. Joëlla aliyasikia hayo akiwa amesimama katikati ya kwaya. Juma lile lile akaondolewa kwenye kwaya, na mama yake Sylvère akavunja posa. Neema gani hiyo ya kumvua mtu nguo hadharani?

Ukweli aliuleta Fatouma, mke wa Djibril, uvumi ulipokwisha kumfikia, alipokutana na Sylvère sokoni.

"Ile siku ya gari, malaria ilimuangusha Joëlla, tulimutoa hospitali. Mi nilikuwa kiti cha nyuma, nimeshika ndoo ya matapishi yake. We uliona bwana yangu tu?"

Sylvère akampigia Joëlla simu palepale.

"Joë, nisamehe. Jumapili nitasimama, nitasema yote."

"Nilishakusamehe, Sylvère. Siku mingi."

"Kweli, mpenzi? Basi nirudi kwa baba yako?"

Alimsikia akivuta pumzi.

"Apana. Nilikuwa mugonjwa, nangoja uniulize nina nini. We ukaambia mikro kwanza. Kinyongo sina. Lakini nikiolewa na we, nitaogopa kila Jumapili."

"Joë, nakupenda."

"Najua. Na mi nakupenda, ndiyo inaniua."

Akakata. Joëlla alikuwa amehamia mtaa wa Gasenyi kwa shangazi yake, anasali kwenye kanisa asikojulikana, benchi la nyuma, na haimbi.

Jumapili Sylvère alisimama akasema yote bila kujitetea. Watu wakampigia makofi, kina mama wakalia, mchungaji akamkumbatia na kumwita shahidi wa neema. Hakuna aliyeuliza Joëlla yuko wapi. Mkate wa Meza ya Bwana ulipomfikia, Sylvère aliutia kinywani, akashindwa kuumeza.