Picha Zilizopigwa Kutoka Sakafuni

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hakuwa mtu wa kuona mauzauza. Alikuwa mwanamke wa vipimo: kiuno, kifua, urefu wa mkono, basi. Jambo lisilopimika kwa futi kamba hakulihangaikia. Ndiyo maana alipokuja kuyasimulia yaliyomkuta, hakuna aliyethubutu kumwambia anatunga.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jumamosi, msimu wa mvua, nguo za watu hazikauki na kila mtu ana mafua. Fundi alikuwa dukani kwake akipinda sketi za shule, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alikuwepo Mama Pacha, msusi, ambaye hakujua kusuka bila simu. Anasuka mstari mmoja, anachungulia, anasuka mwingine. Wateja wake walitoka pale na vichwa vilivyosukwa na habari za mji mzima.

"Shoga," aliita, "mumeo leo kaacha jangwa, kaingia jikoni kwako."

"Kaingia kufanya nini? Yule hata chumvi hajui inakaa wapi."

"Kupiga picha. Njoo uone miguu yako ilivyokuwa maarufu."

Fundi akatema pini, akaenda. Picha ilikuwa kwenye ukurasa wa mumewe, mpya kabisa, haina maelezo. Ilipigwa kutoka chini, chini kabisa, kama mpigaji alikuwa ameweka shavu sakafuni. Miguu ya meza. Ndoo. Na katikati, miguu yake yeye Fundi, ndala zake za kijani, kasimama mbele ya karo anaosha vyombo. Watu walikuwa wameshaijaza mioyo. Mmoja aliandika: "Jicho jipya! Unatuonyesha uzuri wa maisha ya kila siku."

Alicheka, akarudi kwenye sketi zake. Alikuwa kafika nusu ya pindo mguu wake uliposimama wenyewe juu ya cherehani.

Asubuhi ile, wakati anaosha vyombo, mumewe alikuwa bafuni anaimba. Na mlango wa jikoni alikuwa ameufunga yeye mwenyewe, kwa sababu ya paka wa jirani.

Mumewe watu walimwita Msafiri. Mchana alikata tiketi kwenye ofisi ya mabasi ya mbali, lakini mtandaoni alikuwa mtu mwingine kabisa. Ukurasa wake ulijaa jangwa: vilima vya mchanga vyenye rangi ya asali, hema dogo chini ya mbingu kubwa, buti zilizochakaa pembeni ya moto, kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko barabara. Watu wasiowahi kutoka nje ya mji wao waliona kama wanatembea naye.

Nyingi ya picha zile zilikuwa za enzi za mke wake wa kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa akitembea naye. Marehemu alifia huko. Msafiri alisimulia kwamba aliteleza kwenye jabali, akaangukia shingo, akakata roho pale pale. Na alipokwenda kuita msaada, upepo ukahamisha mchanga, waliotafuta wakarudi mikono mitupu. Aliyaandika hayo kwa maneno ya kuliza, chini ya picha ya marehemu akicheka. Dunia nzima ikamlilia. Wafuasi wakaongezeka kama siafu. Fundi naye alikuwa mmoja wa waliomwandikia pole usiku ule. Ndivyo walivyojuana, na ndivyo walivyooana.

Lakini tangu ndoa, Msafiri hakupiga picha ya maana. Alirudia za zamani tu, na watu wakaanza kuzichoka. Mioyo ikapungua. Akawa anaitazama simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya hospitali. Kisha, wiki chache kabla ya Jumamosi ile, akarudi nyumbani kachangamka, na boksi mkononi. Ndani mlikuwa na buti mpya za kike.

"Mwezi ujao, mke wangu. Mimi na wewe. Jangwani."

Fundi alizivaa, akatembea nazo sebuleni kama bata, wakacheka mpaka machozi.

Jioni ya Jumamosi alimwonyesha picha ya jikoni. Kicheko cha Msafiri kilikatika katikati.

"Sikuiweka mimi hii."

"Basi nani?"

"Kuna mtu kaingia kwenye akaunti yangu. Nitabadilisha nywila."

Akabadilisha, akaifuta picha. Akanywa glasi ya maji, akajaza nyingine, akanywa. 

Kesho yake picha ilikuwa imerudi. Na nyingine juu yake: sebule, kutoka chini ya kochi. Halafu korido. Halafu visigino vya viatu vya Msafiri mwenyewe akienda kazini, vimepigwa kwa nyuma, karibu na lami kiasi kwamba kokoto zilionekana kubwa kama mawe. Halafu ofisini, chini ya meza yake, soksi zake. Alizifuta zote. Zikarudi zote. Watu walizipenda kuliko picha zozote alizowahi kuweka. Wakamwita bingwa. Wakamuuliza ametumia kamera gani.

Yeye alikuwa anakunywa maji.

Alikunywa mezani, alikunywa kitandani, alikunywa akiwa kasimama bombani kama ng'ombe. Fundi alimjazia jagi kila anapotoka na kila anaporudi. Mara moja alimwekea glasi mbele yake, akageuka kuchukua mkate. Alipogeuka tena, Msafiri alikuwa kaishika, anaitazama. Hakuwa ameinywa. Ilikuwa kavu, na chini yake palikuwa na mchanga.

"Umeona?" alinong'ona.

Fundi aliona. Akaiosha glasi kwa haraka, kama mtu anayeficha kitu kisionwe na wageni.

Mama Pacha ndiye aliyelitamka. Walikuwa wawili tu dukani, mvua inapiga bati, na simu ilikuwa kati yao juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alizipitisha picha moja moja kwa kidole. Safari hii hakuwa na utani.

"Shoga, angalia. Hakuna hata moja iliyopita urefu wa goti."

"Nimeona."

Mama Pacha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Huyu anayepiga hatembei. Anatambaa."

Na hapo hapo, mbele ya macho yao, ukurasa ukapanda wenyewe. Picha mpya.

Haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa jangwa. Mchanga ulijaa nusu ya picha, kwa sababu kamera ilikuwa imelala juu yake. Pembeni palionekana mguu wa mwanamke, suruali imechanika, kifundo cha mguu kimegeukia upande ambao kifundo hakigeukii. Mbele yake, mwanamume anaondoka. Mgongo wake Fundi aliujua. Alikuwa ameupima mara nyingi kwa mashati.

Begani kwake zilining'inia chupa za maji. Moja ya bluu. Moja nyekundu. Zote.

Picha nyingine ikafuata. Mwanamume amekuwa mdogo.

Nyingine. Amekuwa nukta.

Nyingine. Mchanga mtupu, na vidole vya mkono vimejikita humo, vinavuta.

Hakuna aliyeweka moyo. Hakuna aliyeandika neno. Mama Pacha aliziba mdomo kwa kanga yake. Fundi alichukua simu yake mwenyewe, akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Mchana ule mbingu ilikuwa nzito, nyumba imejaa giza la mawingu. Alimkuta Msafiri jikoni, kainamia karo, mdomo chini ya bomba. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu zote. Yalimwagika mashavuni, kifuani, sakafuni. Alipoinua uso, midomo yake ilikuwa imepasuka pasuka.

"Hayashuki," alisema. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Yanaingia, hayashuki."

"Hakuangukia shingo," Fundi akasema.

Msafiri akarudisha mdomo bombani.

"Ulimwacha hai."

"Alivunjika mguu. Nisingeweza kumbeba."

"Na maji? Maji yake ulishindwa kumwachia?"

Alifuta mdomo kwa kiganja, akatazama pembeni. "Picha zile zilikuwa zake. Zote. Mimi nilikuwa nabeba begi tu. Akaniambia tukirudi mjini atawaambia watu ukweli, halafu ananiacha. Kisha akaanguka. Nikasema... nikasema basi, Mungu ameamua."

Fundi aliushika ukingo wa meza.

"Na mimi? Zile buti?"

Maji tu yakimiminika.

"Nakuuliza, baba. Ulikuwa unanipeleka kufanya nini?"

Alichojibu, alikisema kwa upole, kama mtu anayeeleza kwa nini kachelewa kazini.

"Watu walikuwa wameanza kunisahau."

Ndipo kitu kikakwaruza kwenye korido.

Kilikwaruza, kikatulia. Kikakwaruza. Kwanza viganja viwili kwenye vigae, pa, pa. Kisha kitu kizito kikiburutwa nyuma yake. Kisha viganja tena. Hakikuwa na haraka. Kilikuwa kimetoka mbali.

Msafiri alikuwa ametazama mlangoni, nyuma ya Fundi, na macho yake yalikuwa yanashuka chini, chini, chini.

Simu mkononi mwa Fundi ikatetemeka. Aliitazama hiyo, kwa kuwa kugeuka hakuweza. Picha mpya. Pindo la gauni lake mwenyewe, linachuruzika mvua. Visigino vyake. Na juu yake, mbali, karibu na karo, uso wa mumewe umeachama.

Mkono ukamshika kifundo cha mguu.

Ulikuwa mkavu. Ulikuwa wa moto, moto wa mchanga wa adhuhuri. Haukumbana. Ulimsogeza tu pembeni, taratibu, kama vile mtu anavyosogeza kiti ili apite. Kisha ukamwachia.

Njia ya kwenda mlangoni ikawa wazi.

"Usiniache," Msafiri alisema.

Fundi akapiga hatua.

"Mke wangu. Usiniache naye. Nipe maji. Hilo jagi hapo, nipe."

Jagi lilikuwa mezani, pembeni ya mkono wake Fundi. Alikuwa amelijaza asubuhi, na lilikuwa bado limejaa. Alilitazama. Akamfikiria mwanamke aliyelala juu ya mchanga akiziangalia chupa mbili zinavyokwenda.

Akalibeba jagi, akatoka nalo, akaufunga mlango nyuma yake.

Majirani walimkuta amesimama uani katikati ya mvua, kalikumbatia lile jagi kama mtoto. Walisikia bomba likimwaga ndani. Walisikia na kitu kingine, lakini kila mmoja alikieleza kwa namna yake, na wengine mpaka leo hawataki kukieleza. Mlango ulipofunguliwa, jikoni palikuwa na maji ya kufika vifundoni. Msafiri alikuwa amelala ndani yake, kifudifudi, mdomo wazi.

Watu wakadhani kazama. Daktari aliyempima hakudhani hivyo. Alisema mapafu hayana hata tone. Alisema huyu mtu kafa kwa kiu, kiu ya siku nyingi, na akauliza mara mbili kama kweli alikuwa akiishi nyumbani. Ngozi ya usoni ilikuwa imeungua na jua mpaka inabanduka. Jua lenyewe hatukuwa tumeliona tangu mvua zianze.

Ukurasa ulifutika siku hiyo hiyo. Waliokuwa na picha zake kwenye simu zao walikuta zimebaki nyeupe.

Mazishini walikuja wachache. Fundi alisimama kando, hakulia, na hakuna aliyemlaumu. Watu walipoanza kutawanyika, mama mmoja mnene, mwenye miwani, ambaye hakuna aliyemfahamu, alimjia na kumshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa mwenzako aliyebaki jangwani," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sikuja kumzika huyu. Nimekuja kwako."

Fundi akapiga magoti kumsalimu. Mama akamwinua.

"Chumba chake sikuwahi kukivunja. Kila Ijumaa nakifagia, natandika kitanda, nafunga. Juzi, siku huyu alipokufa, nilisikia mlango unalia. Nikaenda. Mchanga ulikuwa umeburuzwa kutoka getini, umepita sebuleni, mpaka kitandani."

"Na kitandani, mama?"

"Hakuna mtu. Ila godoro limebonyea, kama analala mtu aliyechoka sana." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Nimelinyoosha. Nikirudi, limebonyea tena. Sasa nimeacha kulinyoosha."

Mvua ilikuwa inaanza upya. Mama yule alimsogelea Fundi mpaka sikioni.

"Jana nikasema nibadilishe shuka walau. Mwanangu, mvua yote hii, nyumba nzima inanuka unyevu." Akamwonyesha kiganja chake. Katikati palikuwa na lengelenge jipya, la kuungua. "Shuka lilikuwa la moto."