Shuka Lisilochuja Rangi

Saa moja asubuhi mtoto alitapika. Doa lililobaki kwenye shuka lilikuwa la kijani.

Mtoto alikuwa na siku mbili tu. Baba yake, dobi, alilipeleka shuka dirishani.

"Linachuja rangi hili," alisema. "Jana lilikuwa na doa kama hili, nikalitia chumvi rangi ishike, bado linachuja."

"Wewe kila kitu nguo!" bibi wa mtoto alimcheka. "Kutapika ni kawaida. Mkamwana, mnyonyeshe tena."

Mama alimnyonyesha. Mtoto akatapika yote. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu.

Jirani yao mkunga alikuja kumjulia hali mzazi. Aliona shuka kwenye beseni, akaelezwa habari ya rangi. Alichukua kitambaa cheupe, akamfuta mtoto mdomo. Kitambaa kikawa kijani.

"Na hiki, shemeji, kinachuja?"

Dobi alikipokea kitambaa, akakigeuza.

"Hii ni nyongo," mkunga alisema. "Mtoto mchanga akitapika kijani, huenda utumbo umeziba. Akivimba tumbo, au asipopata choo siku ya kwanza, ni vivyo hivyo: hospitali. Msimnyonyeshe tena, maziwa hayana pa kupita. Twendeni sasa hivi."

Hospitalini walimtundikia mtoto dripu. Wakampitishia mpira mwembamba puani, kutoa nyongo tumboni. Kisha wakampiga picha ya tumbo.

"Utumbo umejisokota," daktari wa upasuaji alisema. "Damu haipiti. Lazima nimpasue."

"Atapona?" mama aliuliza.

"Sijui. Nisipompasua atakufa. Nikikuta utumbo wote umeoza, sina la kufanya."

Walingoja kwenye benchi. Maziwa yalimtoka mama, yakalowesha gauni. Hakuwapo wa kuyanyonya.

"Nilikuwa nafua tu," dobi alisema. "Jana kutwa nafua."

Bibi aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyesema anyonyeshwe."

Mlango ulifunguliwa.

"Nimeusokotoa," daktari alisema. "Kipande kimoja kilikuwa cheusi. Nimekikata, nikaunganisha. Mngemleta jana, pengine nisingekata kitu. Yu hai. Zaidi ya hapo siwaahidi."

Siku zilizofuata mtoto aliishi kwa dripu. Mama alikaa kando, mikono mapajani. Hakuna aliyemwambia atapona, naye aliacha kuuliza.

Siku ya saba muuguzi alimpa mama kijiko cha maziwa aliyoyakamua. "Matone machache tu, mama. Polepole."

Mtoto alimeza. Wote walimtazama mdomo. Maziwa hayakurudi.